Mbeya hadi Ikombe: mazalia ya samaki wa Nyasa na wavuvi wanaoyalinda

Jumatatu: Uyole – Tukuyu

Anayetaka kuyaelewa mazalia ya samaki wa Ziwa Nyasa aanzie juu, Uyole, si Matema. Barabara ikishaiacha ile kuu ya kwenda Zambia hupanda hadi Isongole kwenye viazi na baridi, kisha huteremka Kiwira, Tukuyu, hadi tambarare ya Kyela. Kutoka Jiji la Mbeya, lililo kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, unashuka hadi chini ya mita 500. Mito ya mteremko huu, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, yote inamwaga maji Nyasa.

Oktoba hii maji ni meupe. Lakini kwenye daraja la Kiwira ukitazama mawe ya kingo utaona mstari wa tope lililokauka, juu sana ya maji ya leo. Hapo ndipo mto unapofika masika, na tope hilo ndilo linalokwenda kufunika kokoto ambamo samaki hutagia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, lakini migomba na mahindi bado yanaonekana hadi ukingoni. Samaki wakipungua ziwani, wa kwanza kulaumiwa ni mvuvi, kwa sababu nyavu zake zinaonekana. Jembe la bondeni halisemwi. Kamati ya mwalo, yaani ya ufuko ambapo wavuvi hushushia samaki, inayopanga kulinda mdomo wa mto bila kukaa na vijiji vya juu inalinda nusu tu.

Jumanne: Kyela mjini

Siku ya karatasi. Haina mandhari, lakini mipango mingi ya kutenga maeneo ya mazalia hufia hapa, kwa hiyo inastahili kuelezwa.

Kazi huanzia kwenye mwalo. BMU, yaani kikundi cha wavuvi, wachuuzi, wenye mitumbwi na mafundi wao wanaosimamia uvuvi wa mwalo pamoja na serikali, hukaa kwanza na wazee wanaojua samaki wanazaa wapi. Pendekezo linapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria. Halmashauri ya kijiji inaandika sheria ndogo kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, kisha inaipeleka halmashauri ya wilaya iidhinishwe. Afisa uvuvi anapaswa kuwamo tangu mwanzo. Akiletewa rasimu siku ya mwisho ataikuta na makosa ya kisheria, na mzunguko wote unaanza upya.

Makosa yenyewe ni yaleyale kila mahali. Muhtasari wa mkutano hauna orodha ya mahudhurio yenye sahihi, kwa hiyo anayepinga anasema akidi haikutimia. Mpaka umeandikwa "kuanzia mwembe wa mzee fulani hadi jiwe kubwa", halafu mwembe unakatwa. Kila kona ya eneo iandikwe kwa vipimo vya GPS, ipigwe picha ukiwa majini unatazama nchi kavu, na picha ziambatishwe. Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote: kijiji jirani hakikuitwa. Mtumbwi haujui mpaka wa kijiji, na mvuvi wa jirani aliyezoea kutega pale tangu ujana wake hatakubali kuambiwa na kibao.

Sheria ndogo haitoshi peke yake. Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 inampa Mkurugenzi wa Uvuvi uwezo wa kufanya makubaliano ya usimamizi na BMU, na makubaliano hayo ndiyo yanayokipa kikundi miguu ya kusimama mbele ya mvuvi mgeni. Kwa upande wa bahari ipo Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994, iliyozaa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995, ya kwanza nchini. Mafia watu wanaishi ndani ya hifadhi. Maji yamegawanywa kwa kanda: pengine hapavuliwi kabisa, pengine panavuliwa kwa masharti na zana maalumu. Wazo hilo la kanda linafaa Nyasa pia, kwa sababu hakuna kijiji cha mwambao kitakachokubali kufungiwa maji yote.

Jumatano: mdomo wa Kiwira, upande wa Itungi

Bandari ya Itungi inajulikana kwa kujaa mchanga. Mchanga unaosumbua meli ndio unaomsumbua mbasa.

Mbasa ni samaki mrefu, wa rangi ya fedha, mwindaji wa usipa (dagaa wa Nyasa), na wateja wa Kyela wanamjua kwa ladha. Anaishi ziwani lakini hazai ziwani. Mvua zikianza na mito kujaa, hupanda juu kutafuta maji yenye kasi na kokoto safi. Mayai hukaa katikati ya kokoto, na maji yanayopita huyapa hewa. Tope likijaza nafasi hizo mayai hufa bila mtu kugusa wavu.

Safari hiyo ya kupanda ndiyo inayomponza. Maelfu ya samaki wenye mayai hupita kwenye mlango mmoja mwembamba, katika wiki zinazojulikana. Wavu ukitandazwa kutoka ukingo hadi ukingo, kizazi cha mwaka kinaishia kwenye tenga. Wavuvi wa hapa wanalijua hilo kuliko mtaalamu yeyote, ndiyo maana kanuni zinazodumu ni zile walizozitunga wenyewe. Kanuni zenyewe ni fupi. Wavu wa makila, ule unaosimama majini kunasa samaki, usizibe zaidi ya sehemu iliyokubaliwa ya upana wa mto. Pasitegwe kabisa kwenye mdomo kwa umbali uliopimwa kila upande, kuanzia mafuriko ya kwanza hadi samaki wateremke. Na sumu, hata ile ya kienyeji ya mmea wa utupa, iwe mwiko mto mzima.

Kupima umbali kutoka mdomoni kuna mtego wake. Mdomo wa mto wa tambarare hauko palepale, mafuriko huuhamisha. Songwe, unaochora mpaka wetu na Malawi, umesumbua nchi mbili kwa tabia hiyo hiyo. Kwa hiyo eneo lisifungwe kwa vigingi vya kudumu. Sheria ndogo itaje idadi ya mita "kila upande wa mdomo ulipo", na BMU ipime upya kila mwaka kabla ya mvua, mbele ya mashahidi wa vijiji vyote viwili vya ukingoni. Wakiacha mwaka mmoja tu, wa kwanza kutega atadai kwamba mpaka umehama, na atakuwa na haki.

Alhamisi: Ipinda – Matema

Kutoka Kyela njia inapita Ipinda, katikati ya mpunga na kakao, hadi Milima ya Livingstone inaposimama wima kando ya maji. Matema ni mchanga upande mmoja na mwamba upande wa pili, na kila upande una samaki wake.

Upande wa mchanga adui ni kokoro, wavu mrefu unaokokotwa hadi ufukweni. Asubuhi hii limevutwa moja mbali kidogo na hoteli, watu kumi hivi kila kamba. Lilipofika nchi kavu, mfuko wake ulikuwa na usipa kidogo, majani ya majini, na rundo la vifaranga vya magege, samaki wa jamii ya perege, virefu kama kidole. Vifaranga hivyo havina bei, huishia kwa bata. Kanuni za Uvuvi za 2009 zinalipiga kokoro marufuku, na sababu inaonekana ukivaa miwani ya kuzamia na kutazama chini. Madume ya samaki wa mchanga hujenga viota vya duara sakafuni, kama masinia, na jike huja kutaga hapo. Ukingo wa chini wa kokoro ukipita mara moja unasawazisha viota vyote.

Doria ya usiku dhidi ya kokoro ni ghali na ya hatari. Njia nafuu ni kulifanya kokoro lisivutike: mawe makubwa na visiki vizito vinazamishwa kwenye kina cha mita tatu hadi nane, vikiachana mita kumi au kumi na tano, bila mpangilio ulionyooka. Wavu ukinasa mara mbili ukachanika, mwenye kokoro huhama. Lakini visiki vyepesi huelea na kuvunja mitumbwi, kwa hiyo vifungiwe jiwe. Njia ya mitumbwi na sehemu ya kuogelea watoto ziachwe wazi na zitangazwe.

Jioni mazungumzo na wavuvi yalikuwa juu ya muda wa kufunga eneo lisivuliwe. Habari za kufungia pweza zimewafikia kutoka pwani, na swali likaja moja kwa moja: "Kwa nini sisi tusifunge miezi mitatu kama wenzetu, halafu tukafungua tukavuna?"

Jibu liko kwenye umri wa samaki. Pweza anakua upesi mno na anaishi muda mfupi, mwaka mmoja hivi. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walifunga mwamba wao mwaka 2004 kwa miezi michache tu, na uzito wa pweza walipofungua ulivivuta vijiji jirani kuiga. Sehemu za pwani yetu, kama Songosongo, nazo hufungia pweza. Samaki wa mawe wa Nyasa, wanaoitwa mbuna, ni kinyume chake. Jike la mbuna hulea mayai mdomoni kwa wiki tatu hivi, na kwa kawaida ni makumi tu, wala si maelfu. Ukifunga miezi mitatu ukafungua, siku moja ya nyavu inamaliza kilichoongezeka na mtaji pia. Kwa mbuna eneo lifungwe moja kwa moja, liwe dogo. Kwa magege, kufunga kwa msimu wa kuzaa kunaeleweka. Kwa usipa, anayehama kwenye maji ya wazi na kutaga hukohuko, eneo la ufukweni halisaidii sana. Hapo kinachohitajika ni ukubwa wa tundu la wavu na idadi ya taa. Kamati isiwaahidi wavuvi wa usipa neema ambayo haitakuja. Wakidanganywa mara moja hawatarudi mkutanoni.

Mfano wa karibu kuliko yote hauko baharini. Uko ng'ambo, kwenye ziwa hilihili: Kisiwa cha Mbenji, Malawi. Tangu miaka ya 1950 maji ya kisiwa hicho hufungwa msimu wa mvua kwa amri ya kimila, na watu wa chifu Msosa pamoja na kamati ya wavuvi ndio wanaosimamia. Nyavu hukaguliwa, na siku ya kufungua ina sherehe yake. Wavuvi wenyewe walianza, na amri imedumu kwa sababu anayeivunja anawakosea majirani zake anaokutana nao kila siku.

Ijumaa: kwa mtumbwi hadi Ikombe

Ikombe tunakwenda kwa maji. Ni mtumbwi, ukiambaa na mwamba, na ukiondoka mapema unaukwepa upepo wa mchana. Hapa ndani ya maji unaona mbali, na chini ya mtumbwi mawe yana samaki wa bluu, wa njano, wenye mistari, kila mmoja akilinda jiwe lake.

Mbuna havuki mchanga mpana wala kilindi kwa urahisi. Ndiyo maana kundi la mwamba huu linaweza kuwa tofauti na la mwamba wa pili, na ndiyo maana eneo dogo linatosha kulilinda. Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Malawi, iliyoanzishwa 1980 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1984, inalinda maji ya mita 100 tu kutoka ufukweni, na mbuna walio wengi hukaa kwenye maji mafupi ndani ya ukanda wa namna hiyo. Kwa kijiji kimoja, mita 300 hadi 500 za mwamba kwa mita 100 kwenda ziwani ni ukubwa unaolindika.

Kulindika ndiyo kipimo chenyewe. Wageni wengi huchagua mwamba mzuri kuliko yote, nyuma ya rasi, ambako hakuna anayeona. Wavuvi wa hapa wangechagua mwamba ulio mbele ya nyumba, na wako sahihi. Injini ya nguvu farasi 15 ikienda kwa kasi hula lita tano hadi saba za petroli kwa saa, na fedha za mafuta ya doria ndizo huisha kwanza. Eneo linaloonekana kutoka kwenye kibaraza linalindwa na mama anayeosha vyombo. Pia pasifungwe pale wazee na watoto wanapovua kwa ndoano. Samaki wanaotoka hapo ni wachache, lakini ukiwanyima watu hao umetengeneza wapinzani ndani ya kila nyumba.

Maboya. Dumu la lita 20 lililopakwa rangi moja iliyokubaliwa, mdomo umezibwa kwa lami au gundi, linatosha. Nanga ni zege ndani ya tairi la gari dogo, na kitanzi cha nondo kinazamishwa kabla zege halijakauka. Kamba iwe ndefu kuliko kina kwa theluthi hadi nusu. Kina cha Nyasa hupanda na kushuka takriban mita moja kwa mwaka, na sasa mwishoni mwa kiangazi ndiyo maji yako chini. Anayekata kamba kwa kipimo cha Oktoba atakuta Aprili boya limezama au limeburuta nanga. Kamba huanza kukatika pale chini inaposuguana na jiwe, si juu, kwa hiyo mita mbili za mwisho ziwe mnyororo, au kamba ipitishwe ndani ya bomba la maji. Boya moja kila mita 100 linatosha mchana. Usiku halionekani, na kutoonekana ni utetezi wa kweli mbele ya hakimu, kwa hiyo kila kona iwekewe kitambaa au bati linalong'aa.

Madumu huibwa, maana dumu lina kazi nyumbani. Litobolewe sehemu ya juu na kujazwa chupa tupu za plastiki zilizofungwa: litaelea, lakini halitabeba maji wala mafuta. Wizi hupungua sana.

Kuhesabu kunafanywa kwa kamba ya mita 25 iliyolazwa juu ya mwamba. Mzamiaji mwenye miwani na bomba la kupumulia anaogelea taratibu, akiandika samaki walio mita moja kila upande. Kamba zilazwe nne au tano ndani ya eneo na idadi hiyohiyo nje, saa zilezile, msimu uleule. Anayelinganisha hesabu ya Oktoba na ya Machi, maji yakiwa na tope, atatangaza kwamba samaki wamekufa kumbe hawaonekani tu. Nchi kavu kuna daftari la mwalo: tarehe, mtumbwi, zana, saa za kuvua, kilo, aina. Saa za kuvua ndizo husahaulika, na bila hizo kilo hazisemi kitu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukamataji nao una utaratibu. Vijana wa doria wakichukua wavu na kuuchoma palepale, mwenye wavu anakwenda mahakamani na kijiji kinalipa. Wavu haramu ni kielelezo. Unaandikwa kwenye fomu mbele ya mashahidi, unapigwa picha, unakabidhiwa kwa afisa uvuvi au polisi, na kuteketezwa ni baada ya amri ya mahakama. Anayekamata asiwe huyohuyo anayepokea faini. Kikundi kinachoruhusu mkono mmoja kufanya yote mawili huanza kuoza hapohapo, na wanakijiji hulijua hilo kabla ya mkaguzi.

Mbuna wana soko la mapambo nje ya nchi, na biashara hiyo ina vibali vyake. Eneo linapoanza kujaa, wanunuzi hao hufika. Mkutano mkuu uamue msimamo wake mapema, kabla fedha hazijawekwa mezani.

Jumamosi: soko la Lyulilo

Jumamosi ni siku ya vyungu. Wakisi huvileta kwa mitumbwi vikiwa vimepangwa kwa nyasi, na wachuuzi hushuka kutoka Kyela, Tukuyu hadi Mbeya. Penye watu wengi hivi samaki nao wapo, na wanaopanga bei ni wanawake.

Hilo husahaulika kwenye mikutano, ambamo mwanamume mwenye mtumbwi ndiye huitwa mvuvi. Kule Kuruwitu, Kenya, wavuvi walipotenga hekta 30 za bahari yao mwaka 2005, walikuwa wanafunga maji yanayolisha nyumba nzima. Familia ndizo zilizobeba miezi ya mwanzo, samaki wakiwa bado hawajarudi. Kwenye mwalo wa Nyasa mchuuzi ana nguvu ambayo doria haina. Wachuuzi wakikubaliana kutonunua magege mafupi kuliko kiganja, kokoro linapoteza soko asubuhi hiyohiyo. Kinachovunja makubaliano ni mchuuzi wa nje anayekuja na pikipiki na kununua kila kitu, kwa hiyo kanuni iandikwe kwa soko zima, na ushuru wa soko ukatwe baada ya ndoo kufunguliwa na kutazamwa.

Kufunga eneo kuna njaa yake ya mwaka wa kwanza, na lazima isemwe mkutanoni kwa hesabu. Nafuu ya karibu ni kupoteza kidogo kile kinachovuliwa. Usipa wanaoanikwa mchangani huchanganyika na mchanga na hushuka bei. Mvua ikiwanyeshea, wanaoza. Kichanja cha miti na wavu wa plastiki, kimo cha kiuno, hewa ikipita chini, huwakausha upesi na safi, na turubai likiwa karibu mvua haiwakuti. Sehemu ndogo ya ushuru wa mwalo ikitengwa kwa miti na wavu wa vichanja, wachuuzi wana sababu ya kuketi kwenye kamati. Mwekahazina akiwa mmoja wao, daftari husomwa kwa sauti siku ya soko, kila mtu akiwepo.

Baada ya soko wavuvi na wachuuzi waliketi kwenye kivuli, na ajenda ilikuwa fupi: saruji mifuko mitatu, matairi manane, kamba, na nani wa kwenda kuwaita wa kijiji cha pili kabla ya mvua. "Ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akasema mzee aliyepewa kazi hiyo ya mwisho, akaomba apewe na mama mmoja wa kufuatana naye, maana kule wanaonunua samaki ni dada zake.